Mistari ya Oktavia

Oktavia Mwalongo alilelewa na kelele. Mashine ya kusaga ya baba yake, Mzee Yosefu, iko Mahongole, ukuta kwa ukuta na chumba alicholazwa akiwa mchanga, na mama yake, Germana, huapa mpaka leo kwamba mtoto yule alikuwa halii ila umeme ukikatika na mashine ikanyamaza. Mama Germana hutia chumvi, lakini si sana. Binti alikua akizungumza kwa sauti ya juu kama watu wote waliolelewa kwenye mashine, nywele zake zikiwa nyeupe kwa vumbi la unga, na shuleni wenzake wakamwita Bibi.

Kazi yake tangu darasa la kwanza ilikuwa kusimama pale unga unapotokea. Mtu akileta debe lake na mahindi yakamiminwa juu, unga unaoanza kutoka chini si wake. Ni mabaki ya aliyetangulia, na aliyetangulia huenda alisaga ulezi wa pombe, au mihogo, au mahindi yaliyoingia wadudu. Kwa hiyo Oktavia alikinga sahani kwanza, akauchukua ule wa mwanzo, akauweka kando uwe wa kuku, ndipo mteja akawekewa ndoo yake. Ziko mashine Makambako zisizojali mambo hayo, na huko mtu huondoka na unga wa jirani yake bila habari. Kwa Mzee Yosefu mtoto aliyesahau sahani alikosa chai. Oktavia alisahau mara moja tu maishani.

Sekondari alisoma kwa masista, nje kidogo ya mji wa Njombe, kule ambako mwezi wa saba maji ya kunawa yanachoma vidole na wasichana hulala na sweta mbili. Fizikia ilimkubali mapema. Akaenda chuo kikuu Dar es Salaam, akafaulu, akabakizwa hapo hapo kuwa mhadhiri msaidizi, na chuo kikampeleka Ujerumani akasomee udaktari, kwa sharti la kurudi kufundisha. Huku nyumbani, siku alipoondoka, kwaya nzima ya parokia ilimsindikiza hadi kituo cha mabasi na mitumba yao ya makoti, maana walisikia huko ni baridi, kana kwamba Njombe ni Tanga.

Kazi aliyoifanya huko ameieleza kwa shangazi zake mara nyingi kuliko kwa maprofesa, na sikuzote alianzia kwenye mitaa. Kuna fuwele, aliwaambia, ambazo ndani yake chaji chanya na chaji hasi hazikai katikati, zinaegemea upande. Chembe moja ikiegemea kulia, jirani yake naye huegemea kulia, na jirani wa jirani, mpaka unapata mtaa mzima unaotazama upande mmoja. Vuka mpaka, mtaa wa pili unatazama kwingine. Fuwele hizo huitwa feroelektriki, na watu wanazitafuta kwa udi na uvumba kwa sababu mtaa unaotazama kulia unaweza kusomwa kama ndiyo na unaotazama kushoto kama hapana, na kwa ndiyo na hapana tu unatengeneza kumbukumbu ya simu. Swali la Oktavia lilikuwa hili: ukikata fuwele hiyo vipande vidogo mno, vidogo hata unywele ukilazwa kando yake unaonekana kama barabara kuu ya Tunduma, mitaa yake hujipangaje?

Kwa macho huioni. Unaingiza kipande kwenye hadubini ya elektroni, ambayo ni mtambo mrefu kama kabati la nguo, unatoa hewa yote iliyomo, halafu mwali mwembamba wa elektroni unapita juu ya kipande mstari kwa mstari, kama mtu anayefagia uwanja, na picha inajichora kwenye kioo cha kompyuta.

Picha za Oktavia zilikuwa za kupendeza. Watu wengine, wakipiga picha vipande vya namna ile, walipata mitaa iliyopinda na kuingiliana, leo hivi, kesho vile. Yeye alipata mistari iliyonyooka, yote ikielekea upande mmoja, kipande baada ya kipande. Maabara nzima wakaanza kuiita mistari ya Oktavia, kwanza kwa utani, baadaye kwa heshima. Profesa wake, mtu mpole mwenye haraka, akawa anaitangaza kila mkutano. Naye Esnath Sanga, msichana wa Kikinga kutoka Bulongwa ambaye Oktavia alimfundisha Dar es Salaam na kumtafutia nafasi kule kule Ujerumani, alifika kuanza udaktari wake juu ya mistari hiyo. Miaka yote iliyokuwa mbele ya Esnath ilipangwa itumike kuuliza kwa nini mitaa inanyooka. Oktavia ndiye aliyemfundisha kushika mtambo.

Mwaka huu Oktavia alirudi Mahongole kusubiri viza mpya. Tasnifu ilikwisha kuandikwa. Makala kubwa ya mistari ilikuwa kwenye jarida, ikisubiri kukubaliwa; baada ya hapo ni mtihani wa mdomo, kisha cheo. Hayo yote aliyaeleza vizuri kwa simu kwa kaka yake, Alois, mwenye duka la vipuri vya malori pale njia panda ya Makambako. Tatizo ni kwamba Alois ni mtu wa vipuri. Gari likibakiza nati moja yeye humwambia mwenyewe njoo uchukue, limekwisha. Oktavia aliposhuka basi alikuta mji unamwita Daktari na misa ya shukrani imeshatangazwa parokiani.

"Bado, kaka," alimwambia. "Sijapewa."

"Utapewa. Unataka tungoje mpaka uondoke tena? Wazee wanazeeka hawa."

Basi nyumba ikambana. Akishika ufagio, mama yake anaunyakua. Akienda gengeni kununua nyanya, wanawake wanasimama kwa heshima, "Kamwene, Daktari," na yule aliyesoma naye darasa moja, aliyekuwa akimwita Bibi, sasa anamwamkia kwa kuinama. Aliketi sebuleni kwenye kiti chenye kitambaa kipya akiletewa chai na viazi vya kuchemsha saa zote, huku watoto wa majirani wakichungulia dirishani kumwona mtu aliyesoma mpaka mwisho. Alitembea polepole, alicheka kidogo, alikaa magoti yamebanana. Alianza kujiona anakuwa yule waliyekuwa wakimtazamia, na hilo lilimchosha kuliko kazi. Hakuna aliyemkosea. Angemlalamikia nani?

Jumatano ya wiki ya misa, barua pepe ya Profesa ikaingia. Jarida limeipenda makala. Mmoja tu wa wasomaji walioikagua ana swali dogo: je, mwali wenyewe hauwezi kuwa umegeuza mitaa? Profesa alimwambia aandike sentensi moja ya kusema hapana, tumeangalia, na aipeleke kabla ya Jumatatu, mambo yaishe. Oktavia aliisoma akiwa amesimama jikoni. Aliudhika kidogo, kama unavyoudhika mtu akikuuliza kama umenawa mikono. Alikuwa mwangalifu kuliko wote pale maabara. Alijua kwamba mwali unaweza kusumbua kipande. Kila mtu anajua. Ndiyo maana hakuwahi kuitumia picha yoyote kabla haijatulia.

Ijumaa asubuhi aliona hawezi kukaa tena kwenye kile kiti. Akatoka, akaenda kusimama mlangoni kwa mashine, na baba yake, ambaye siku zote hizo hakumruhusu kuusogelea unga, alikuwa na mteja na hakuwa na nafasi ya kumfukuza. Mteja alikuwa Zamda, mama lishe wa karibu na stesheni ya reli, mwenye haraka zake.

"Mzee wangu, leo niachie tu huo wa kwanza, nimechelewa, nina watu wa kula."

"Hapana," alisema Mzee Yosefu kwa kelele ili asikike. "Ule wa mwanzo si wako. Wako unakuja."

Akakinga sahani. Oktavia akaitazama ile sahani, akashika mlango.

Kwa sababu hivyo ndivyo alivyofanya. Kila kipande kipya alichokiingiza kwenye hadubini, mwali ulipopita mara ya kwanza ulileta picha yenye ukungu, ina mitaa iliyopindapinda, ovyo ovyo. Naye, bila hata kufikiri, mkono wake uliokuwa umekinga sahani utoto mzima uliifuta. Akapitisha mwali tena, na tena, akirekebisha, mpaka picha ikatulia, ikang'aa, mistari ikanyooka. Hiyo ndiyo aliyoitunza. Wenzake Wajerumani walitunza kila kitu, hata takataka, na yeye moyoni aliwaona wachafu. Hata Esnath, Oktavia alimfundisha vile vile: ya mwanzo weka kando, ina mabaki ya aliyetangulia.

Lakini mwali si mahindi. Fuwele ile haipitishi umeme, kwa hiyo elektroni unazozimwaga juu yake hazina pa kutokea. Zinanasa humo humo. Kila ukipita unaongeza nyingine, zinabanana, zinasukumana, na msukumo wao unageuza mitaa, mmoja baada ya mwingine, mpaka yote inalala kufuata njia ya mwali. Picha ya kwanza ndiyo pekee iliyokuwa ya fuwele. Zilizofuata zote zilikuwa za ufagio. Miaka ile yote alikuwa anatupa unga na kutunza mabaki.

"Una nini?" baba yake alimuuliza, mashine ilipotulia.

"Kichwa tu, Baba."

Aliogopa. Aliogopa kama mtu aliyesikia breki zimekatika huku gari limejaa ndugu zake. Alirudi chumbani akafungua kompyuta na kutafuta picha za mwanzo, ingawa alijua hazipo. Mkono wake ulikuwa umefanya kazi safi. Hakuwa na ushahidi wa upande wowote. Angeweza kuwa amekosea kuhusu kukosea. Akampigia Esnath.

"Mdogo wangu, nifanyie kitu. Chukua kipande kipya kabisa. Rekebisha mwali pembeni, mbali nacho, halafu pita juu yake mara moja tu, utunze hiyo. Kisha endelea kupita kama nilivyokufundisha, utunze na ya mwisho. Nitumie zote mbili."

"Ya kwanza nisitupe?"

"Usitupe."

Picha ziliingia Jumamosi mchana. Oktavia alizipokelea dukani kwa Alois, ambako mtandao ni mzuri, amekaa juu ya tairi kati ya malori yanayounguruma na wapiga debe wanaogombania abiria wa Songea. Ya kwanza ilikuwa na mitaa inayojikunja kama maganda ya mti. Ya mwisho ilikuwa na mistari, mizuri, imenyooka. Kipande kile kile. Chini yake Esnath alikuwa ameandika: "Dada Okta, nimwambie Profesa, au utamwambia mwenyewe?"

Alipaswa kujibu hapo hapo kwamba atamwambia mwenyewe. Mtu mwenye hasira kidogo na nafsi yake angejibu. Oktavia alimtazama kaka yake akiwa amebeba boksi za soda kuzipakia kwenye kirikuu, ameloa jasho kwa furaha, akaandika: "Subiri kwanza."

Halafu akajaribu. Alimvuta Alois nyuma ya duka, akamweleza kwamba kazi yake ina kosa, si dogo, na huenda cheo kikachelewa sana au kisije kabisa, na chuo kilichomwajiri hakitamngoja.

Alois alisikiliza mpaka mwisho, hilo tumpe. "Kosa linarekebishika?"

"Inabidi nianze upya. Na muda wangu kule umekwisha."

"Sawa. Lakini ng'ombe ameshachinjwa, Okta. Padri ameshapangiwa, maturubai yamefungwa. Watu wametoka Makete. Mimi nitasimama nikawaambie nini, kwamba mwali wa nini sijui umepinda?"

"Umenyoosha."

"Haya, umenyoosha. Watanielewa?"

Jioni alimwambia baba yake, uani, wakati anafunga mlango wa mashine. Mzee Yosefu hakuuliza maswali ya hadubini. Aliuliza kama kuna mtu ameumia. Oktavia akasema bado, lakini kuna mtoto wa watu anajenga juu ya kosa hilo. Mzee akafikiri, akiwa na kufuli mkononi.

"Sema baada ya Jumapili," alisema. "Mama yako hajawahi kukaa meza ya mbele."

Kwa hiyo Jumapili ikafika, na Oktavia akaingia kanisani katikati ya wazazi wake, amevaa kitenge walichoshona sare ukoo mzima. Padri aliwaombea wasomi. Kwaya iliimba wimbo uliotungiwa yeye. Kila walipolitaja jina lake lililobandikwa cheo mbele, alitabasamu. Mama Germana alikuwa analia tangu matoleo, kilio kile kizuri, na kumnyamazisha ingekuwa dhambi. Kisha msafara, vigelegele, honi za malori ya marafiki wa Alois mpaka nyumbani, na maturubai, na meza ya mbele.

Chakula kikiwa kinapakuliwa, simu ikatetemeka. Alikuwa Esnath.

"Dada, nimeifuta ile ya kwanza kwenye kompyuta ya maabara. Nimemwandikia Profesa kwamba nimepima kipande kipya na mistari ni ile ile. Amefurahi sana, amesema leo leo anawajibu jarida. Usihangaike tena. Furahia siku yako."

Oktavia aliinuka akaenda nyuma ya chumba cha mashine, kilichokuwa kimya kwa kuwa ni Jumapili, akampigia.

"Esnath. Nilikuambia usubiri."

"Nilisubiri. Halafu nikaelewa. Ukisema kweli unapoteza kila kitu, na huwezi kuniambia kwa mdomo wako nifute. Nikasema ngoja nikutue mzigo."

"Sikuwa na maana hiyo."

"Basi ulikuwa na maana gani, Dada?"

Tukisema ukweli, pale juu ya tairi alipoandika subiri hakujua mwenyewe anamsubirisha nani na kwa nini. Huenda kipande kidogo cha moyo wake kilitaka hasa hiki. Wazo hilo lilimtia aibu.

"Picha ninayo mimi," alisema. "Ile uliyonitumia. Naweza kumpelekea sasa hivi."



"Ukimpelekea atajua nimemdanganya," Esnath alisema. "Sijamaliza hata mwaka. Watanirudisha." Sauti yake ikawa ndogo, ya mtoto. "Nyumbani nitawaambia nini, Dada Okta? Bulongwa yote ilinisindikiza."

Oktavia aliegemea ukuta. Akinyamaza, binti huyu atakula ujana wake akitafuta sababu ya kitu kisichokuwapo. Akisema, binti huyu ndiye atakayeanguka wa kwanza. Ilikuwa bado kidogo amwambie waambie kweli, ndugu ni ndugu, watakuelewa, lakini akaacha. Yeye mwenyewe na udaktari wake unaoelea hewani alikuwa ameketi meza ya mbele akitabasamu. Mtu wa namna hiyo hana ulimi wa kumtuma mwenzake akaseme kweli kwao.

"Subiri," alisema, kisha akashtuka kujisikia akilirudia neno lile. "Hapana. Usifanye kitu chochote. Nakupigia."

Akatoka nyuma ya mashine moja kwa moja hadi kwa katekista Lenard, aliyekuwa mshereheshaji, akanyoosha mkono. Lenard akampa kipaza sauti kwa furaha.

"Kamwene, ndugu zangu," alisema, na uwanja wote ukaitikia. "Nina neno. Mimi si daktari. Nilipiga picha za kitu fulani, nikaiambia dunia kwamba kiko hivi. Kumbe hakikuwa hivyo. Ni mimi niliyekigeuza kwa kukipiga hizo picha. Kazi yangu ya miaka yote ina kosa, na huenda hicho cheo nisikipate kamwe. Msiniite Daktari. Nawashukuru, na naomba mnisamehe."

Sufuria moja ililia jikoni, mtu akaidaka. Oktavia alisimama pale akiwatazama mmoja mmoja, akasubiri uso wowote ubadilike.

Bibi mmoja nyuma akapiga kigelegele.

"Mmeona unyenyekevu huo?" alisema Lenard, ambaye alikuwa ameshachukua kipaza sauti chake. "Aliyesoma kwelikweli hajivuni. Hao wenye vyeti viwili tu ndio hawasalimii watu. Makofi kwa Daktari wetu."

Makofi yakalipuka. Oktavia akasema, "Hapana, nimekosea," lakini bila kipaza sauti, na kwaya ilikuwa imeshaanza. Mama Germana alimkumbatia akamlowesha bega. Alois aliinamisha kichwa, akitazama viatu vyake, kisha akaanza kuwahimiza vijana walete mbuzi wa zawadi. Mzee Yosefu peke yake alikuwa amekaa mikono juu ya magoti. Alikuwa amesikia. Alimtazama binti yake moja kwa moja, na Oktavia aliona kwamba baba yake anajua kila neno lilikuwa kweli. Lakini watu wa kulia kwake walikuwa wanapiga makofi, na wa kushoto wanapiga makofi, wote wamemgeukia yeye baba mzazi, na mzee naye akainua mikono akaanza kupiga.

Oktavia aliketi. Wakamvisha kitenge cha pili juu ya kile cha kwanza. Chini ya meza, kwa kidole gumba, aliambatisha ile picha ya mitaa iliyojikunja na kumwandikia Profesa kwamba hii ndiyo fuwele, kwamba mistari ni ya mwali, kwamba jibu lisipelekwe kwenye jarida. Akaongeza kwamba Esnath aliifuta picha hii kwa sababu yeye, Oktavia, alimwamuru aifute. Ndiyo, kwenye barua yake ya kusema kweli alitia uongo mmoja, na ambaye hajawahi kumtoa mwenzake kwenye shimo alilomchimbia mwenyewe asimhukumu. Akabonyeza. Duara dogo lilizunguka, likazunguka, kisha barua ikaenda. Alidhani atajisikia mwepesi. Hakujisikia hivyo. Alimwandikia Esnath, "Nimesema hapa nyumbani, na nimemwandikia Profesa. Ukiulizwa, uliagizwa na mimi," akaona ujumbe umesomwa, na jibu halikuja.

Kisha watu wakapanga foleni ya kumpa mkono. Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa jumuiya yao, mwenye glovu ya sufu mkono mmoja.

"Hongera, Daktari."

"Mimi si daktari, mama. Nimesema kweli pale."

"Tumekusikia, mwanangu," alisema yule mama, akimminya vidole kwa upendo. "Tumekusikia. Hongera sana."

Wa pili alimwambia hivyo hivyo, naye Oktavia akamsahihisha. Alimsahihisha Bashiru, rafiki wa Alois wa malori, na shangazi yake wa Njombe, na masista waliomfundisha. Foleni ilikuwa imezunguka maturubai yote na kupotelea nyuma ya mashine. Kila mmoja alitikisa kichwa, akacheka taratibu, akamwona mpole zaidi. Alipofika mtu ambaye hata hamjui, kijana wa kutoka stesheni aliyevutwa na harufu ya nyama, akamnyooshea mkono na kumwita Daktari, Oktavia alifungua mdomo, akautazama ule mkono, akaupokea.

"Asante," alisema.